Mtungi Ulioachwa na Nyuki

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Nina miaka sabini na nane. Nimezika mke mmoja, mbwa tisa na mastesheni masta wanne. Njaa ya sabini na nne ilinikuta, ikanipita. Daktari aliyeniambia nimebakiza miaka miwili, yeye ndiye hayupo, huu mwaka wa kumi na moja. Watu saba tulioanza pamoja kutundika mizinga kwenye vichaka vya Itigi, tumebaki wawili, mimi na Paschal, na Paschal anasikia sikio moja. Kwa hiyo kwa mambo ya asali nimebaki peke yangu.

Daftari hili kanipa Dina, mjukuu wangu. Kasema, Babu, andika mambo yako yasipotee. Kuandika nilijifunza darasa la watu wazima, enzi za gengi la reli. Naandika polepole lakini sikosei.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi tarehe 23 wanakuja wakwe kutoka Manyoni kumaliza mahari ya Dina. Kwetu mahari haifungwi kwa chai. Babu wa binti anamimina pombe ya asali, anaonja yeye kwanza, anampa mkubwa wa wageni. Wakishameza wote wawili, ndipo neno linakuwa neno. Asiyemimina anakaa nyuma pamoja na waliokuja kula ubwabwa tu. Nimemimina kwa mabinti watatu wa nyumba hii. Dina ndiye wa mwisho. Nikikosa hapa, sina pengine pa kumiminia mpaka nife.

Sasa Peniel, mwanangu, baba yake Dina, kaleta mambo ya mjini. Anataka pombe iwe kwenye chupa. Chupa arobaini, kila mgeni na yake mezani. Nikakubali, mimi si mshamba. Halafu akaongeza kwamba kama yangu haitakuwa tayari, itatumika ya Febronia, na atakayemimina ni Febronia.

Febronia! Mdogo wake marehemu Agnes wangu. Mwanamke anayetia hamira ya dukani kwenye asali, kama anapika maandazi.

Mimi sitii kitu. Asali, maji ya uvuguvugu, masega yaliyokamuliwa na chavua yake, basi. Kazi iliyobaki inafanywa na mtungi wenyewe. Mtungi wangu haujaonja sabuni tangu mwaka themanini na sita. Pombe hii nimeianza tarehe 5. Inachemka yenyewe bila moto. Jana Dina kaweka sikio, akacheka, akasema inasema kama watu wanaosengenya kanisani.

Jumatano, 13 Novemba

Febronia kaja asubuhi. Hakuitwa. Kasema kapita tu. Nyumba yake iko upande wa stesheni, yangu iko upande wa vichaka, mtu hapiti tu.

Akainamia mtungi wangu. Akatoa kiberiti kwenye kitenge, akawasha njiti, akaishusha mdomoni mwa mtungi. Njiti ikazima. Akasema, pombe ikiwa bado inapumua, inazima moto. Siku njiti itakapowaka mpaka mwisho, ndiyo siku ya kutia kwenye chupa. Kwa mtungi usio na hamira, anaona ni wiki tatu, labda nne.

Nikamwambia kiberiti chake kina unyevu. Nikaleta cha kwangu. Njiti ikazima. Nikawasha nyingine, ikazima. Upepo. Nikafunga mlango. Ya nne ikazima pia. Viberiti vya siku hizi havina nguvu, zamani njiti moja iliwasha majiko mawili.

Nikamweleza, kwa sababu namhurumia, namna wazee wanavyopima. Hatupimi kwa kiberiti. Tunapima kwa nyuki. Nyuki anapenda utamu. Pombe ikiwa bado na sukari, nyuki wanakuja kwenye mdomo wa mtungi. Sukari ikishaliwa yote, nyuki wanaondoka, hawana shughuli na ulevi. Nyuki wakiuacha mtungi, funga chupa. Hii ni elimu. Haimo kwenye kiberiti.

Akaniuliza leo wako wangapi. Nikahesabu. Kumi na wanne.

Akasema, haya shemeji, na akaenda. Haya yake sikuipenda.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ndogo alfajiri. Nyuki kumi na mmoja.

Nimeona nijue adui yuko wapi. Febronia alikwenda kwaya. Nikapita kwake kumtazama kuku wake anayeumwa. Kuku yuko uani, pombe iko jikoni, nikajikuta jikoni. Nikaonja kikombe kimoja ili nijue ubaya wake. Nikaonja cha pili kwa sababu cha kwanza hakikunieleza vizuri. Cha tatu na cha nne vilikuwa vya uhakika.

Ni mbaya. Naandika hapa wazi, ni mbaya. Lakini iko karibu kuiva, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Nikakumbuka jambo. Pombe inayokaribia kulala, ukiiongezea asali inaamka, inaanza kuchemka upya. Nilikuwa na chupa ya asali mbichi mfukoni mwa koti, sijui kwa nini. Nikaimimina yote kwenye ndoo yake, nikakoroga kwa mwiko, nikafunika. Sasa haitalala kabla ya wageni. Huu si uchawi wala si wizi. Mtu akiongezewa kitu nyumbani kwake, kaibiwa nini?

Kuku anaendelea vizuri.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua kubwa jana mchana, ya kwanza ya kweli. Vumbi limekufa. Leo asubuhi nilikwenda kuangalia mizinga. Vichaka vimechanua vyote kwa pamoja, migunga myeupe kama imemwagiwa unga, harufu mpaka kwenye reli. Sijaona maua namna hii tangu Peniel akiwa darasa la nne. Mwaka huu tutavuna.

Nikarudi kwenye mtungi. Nyuki watatu.

Watatu! Juzi kumi na mmoja, leo watatu. Inaiva haraka. Mtungi wangu unajua kuna mahari.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya ibada nimekaa mbele ya mtungi kuanzia saa sita mpaka saa kumi, sikuondoka hata kwa chakula. Dina kaniletea ugali hapohapo. Nyuki hakuna. Hata mmoja. Hata aliyepotea njia.

Nimemwita Peniel kuwa shahidi. Kasimama dakika moja, kasema kweli haoni nyuki, lakini bado anasikia mvumo ndani. Nikamwambia ule ni mvumo wa kuridhika.

Jioni kaja Paschal. Nimemwonyesha. Kazunguka mtungi mara mbili, kasema maneno ya ajabu. Anasema nyuki hawakuuacha mtungi kwa sababu pombe imeiva. Wameuacha kwa sababu nje kuna maua. Anasema hata yeye, akiwekewa ubwabwa na nyama, hawezi kukaa kugombania maganda ya muwa. Maua yakiisha watarudi.

Nikamuuliza amesikia kwa sikio lipi. Akakasirika kidogo.

Nimelifikiria. Kama nyuki wangu wangeiacha pombe yangu kwa ajili ya maua, ina maana maua ni matamu kuliko pombe yangu. Hilo haliwezekani. Kwa hiyo imeiva.

Jumanne, 19 Novemba

Siku ya chupa.

Chupa nilizipata kwenye baa ya stesheni, tupu, nimezisugua kwa mchanga na majani ya mpapai. Vizibo ni magunzi ya mahindi, nimeyachonga mwenyewe siku mbili. Nimetia gunzi, nimelipiga kwa kipande cha ubao, nimefunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli, mara tatu shingoni na mara mbili juu, halafu nimepaka nta ya moto. Kazi safi. Hata hewa ikitaka kupita lazima iombe ruhusa. Zimetoka chupa thelathini na nane. Mbili zilizopungua nilionja.

Utamu wake! Ina ladha ya asali kabisa. Wengine wakishachachusha, asali huitafuti tena, imekwenda. Yangu imebaki yote mle ndani.

Febronia kanikuta kwenye chupa ya thelathini. Kaokota moja, kaitazama juani. Kauliza vile vipovu vinavyopanda ni vya nini. Nikasema ni uhai. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akasema kwa sauti ndogo, na kwa kuwa hakuwa anacheka nayaandika kama yalivyo.

"Shemeji, hiyo bado inapumua. Ukiifunga mdomo, itatafuta pa kutokea. Iache mtungini, siku ile tuichote kwa kata, mimina wewe. Mimi sina haja na kiti chako."

Mwanamke mjanja. Anajua kwamba Peniel anataka chupa. Anataka mimi nije na kata kama mtu wa porini, Peniel aseme, basi tumpe Mama Mdogo. Nikamwambia asante kwa ushauri, na kwamba kuku wake anahitaji kuangaliwa.

Akauliza kuku gani.

Alhamisi, 21 Novemba

Saa sita na nusu mchana chupa moja imepasuka chumbani kwangu. Mlio kama bunduki ya mgambo. Peniel alikuwa ananyoa ndevu ukumbini, amejikata. Gunzi limekwenda juu, limegonga bati, limerudi upande wa pili wa ukuta, limeingia kwenye sufuria ya maharage.

Ilikuwa chupa mbovu. Ukiangalia vipande vyake, unaona ni mbovu.

Saa nane ya pili. Saa nane na robo ya tatu na ya nne pamoja, kama walioambizana.

Peniel kaingia na plasta kidevuni. Simlaumu, uso ulimuuma. Kasema chupa zote zifunguliwe leo, pombe irudi mtungini, Jumamosi tuchote kwa kata. Nikasema sawa. Akasema anataka kusikia ninasema nitafungua. Nikasema nitafungua. Sikusema lini.

Nimezifunga upya kwa mpira mpana, wa pikipiki. Thelathini na nne. Nimeziweka ndani ya magunia yaliyoloweshwa maji, nyuma ya banda la mbuzi, zipoe hasira. Mtungini nimetia maji na masega ya zamani ili ukitikiswa uonekane una kitu.

Mvua kubwa imeanza jioni, ya mawe.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua ya jana imepukutisha maua yote. Njia nzima nyeupe, unayakanyaga kama pumba. Vichaka viko uchi. Nimesikitika kwa ajili ya mizinga. Paschal kanipita njiani akasema, nyuki leo watalala njaa. Nikasema watajua wenyewe, mimi nina ugeni.

Dina kanitengenezea shati. Wakati anapiga pasi nikamwambia, mke wangu, ndiyo unaniacha kweli kwa kijana asiyejua hata kupanda mti? Akacheka, halafu akasimamisha pasi. Akasema anaomba kesho nisigombane na mtu. Akasema Bibi Agnes alimwambia, siku yake ikifika, pombe iliyomiminwa na Babu ndiyo itakayomtoa nyumbani, na yeye hataki itoke kwa mkono mwingine. Akaendelea na pasi.

Moshi wa jiko uliniingia machoni.

Alfajiri kesho nitazipanga chupa chini ya meza kuu. Kitambaa cha meza kinafika chini. Peniel hataona, mpaka nitakaponyanyua ya kwanza juu mbele ya watu, na hapo atasema, Baba, kumbe.

Jumapili, 24 Novemba

Jana sikuandika. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba. Naandika leo kila kitu, nacho ni kweli.

Wakwe walifika saa nne, watu kumi na sita. Mkubwa wao ni Mzee Mazengo, baba mkubwa wa kijana, mwenye suti ya kahawia na kofia ya pama. Mtu mzito. Hanywi cha dukani, alishatamka hilo tangu barua ya kwanza. Tulikaa uani, chini ya turubai, jua kali. Mimi kwenye kiti cha kati, Mazengo ubavuni kwangu. Febronia alikuwa nyuma, mlango wa jikoni, na ndoo yake imefunikwa. Kata ilikuwa mezani, Peniel aliiweka mwenyewe.

Nilisimama nikasema maneno ya mwanzo, marefu kidogo. Watu walisikiliza. Halafu nikainama, nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nikatoa chupa, nikainyanyua juu. Peniel akasema, Baba. Ile “kumbe” hakuiongeza.

Nilikata mpira kwa kisu.

Gunzi sikuliona likiondoka. Kofia ya Mzee Mazengo niliiona. Ilikuwa kichwani, halafu ilikuwa imenasa kwenye kamba za turubai. Povu lilifuata, likampata Mazengo kuanzia paji la uso mpaka kwenye tai. Nilijaribu kuziba kwa kiganja, likagawanyika likanipata na mimi. Nikarudi nyuma, nikagonga meza. Zile za chini zilikuwa zimekaa kwenye joto tangu alfajiri, hazikupenda kugongwa. Zilianza moja, ikaamsha jirani yake. Kitambaa kilikuwa kinaruka chenyewe. Heri kilikuwepo, vipande viliishia mlemle, hakuna aliyekatwa. Ila pombe ilitoka pande zote nne kama bomba la tangi la reli limepasuka. Viatu vya wakwe, magauni, mkeka, vyote asali.

Halafu chupa zikaisha. Mzee Mazengo alijilamba mdomo. Akasema tu kwamba ni tamu sana. Nikasema ndiyo, ni ya kwangu.

Hapo nikasikia mvumo. Si wa chupa.

Nimekaa na nyuki miaka hamsini, najua mvumo wa nyuki mwenye njaa. Maua hakuna, na hapa uani pana asali imemwagwa kwa ukubwa wa chumba. Kwanza walikuja wapelelezi kama kumi, wakaondoka. Baada ya muda wa kunywa uji wakaja wote. Watu walikimbilia ndani ya nyumba, wetu na wao, watu arobaini kwenye ukumbi na vyumba viwili, wakafunga milango na madirisha. Mchungaji aliingia kupitia dirishani, vizuri tu kwa mtu wa mwili ule.

Mazengo alitaka kuinuka. Nikamshika mkono. Nikamwambia asikimbie, amelowa asali kuliko sisi wote, akikimbia wanamfuata na wanakasirika. Akikaa kama gogo wanalamba tu, wanaenda zao. Akanitazama, akakaa. Nikakaa na mimi. Wazee wawili uani, kila mmoja amevaa nyuki mpaka mabegani, na wakwe wote wanatutazama kupitia vioo.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Nyuki mmoja alitembea juu ya nyusi ya Mazengo. Hakupepesa. Nampa sifa yake, ni mwanamume.

Akaongea bila kufungua mdomo sana.

"Mzee mwenzangu. Hii pombe ilikuwa imeiva?"

Nikasema imeiva.

"Na hawa wamefuata nini?"

Nilikuwa na nyuki kwenye mdomo wa chini.

Akasema taratibu, kama anazungumza na ng'ombe wa kukamua. Akasema kijana wao anampenda huyu binti na wao hawana neno naye. Lakini nyumba unayoiachia kijana wako ni lazima ujue, ikiharibikiwa na kitu, inasema imeharibika au inafunika kitambaa. Anauliza mara moja tu. Nikimjibu kweli, atakaa hapa na mimi mpaka nyuki wa mwisho aondoke, na mahari wanaimaliza leo. La sivyo anasimama sasa hivi, anakwenda kwenye gari lake na nyuki wake, na posa anakwenda nayo.

Nikatazama dirishani. Dina alikuwa amebandika uso kwenye kioo. Nyuma yake Febronia, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Nimezika mke, sikulia mbele ya watu. Nimechomwa na nyuki mia mbili siku moja porini, sikupiga kelele. Lakini neno lile lilikuwa limekwama kooni kama mfupa wa kambale. Nililivuta.

"Haikuwa imeiva," nikasema. "Ilibakiza wiki mbili. Nilidanganywa na maua."

Nyuki wa mdomoni akanichoma hapohapo. Kwa hiyo ukweli unaumiza, na ushahidi ninao, umevimba bado.

Mazengo alianza kutikisika. Nilidhani sumu imemwingia. Alikuwa anacheka kwa ndani, tumbo tu, na nyuki wamemkalia tumboni wanapanda na kushuka. Wakamchoma watatu. Hakuacha kucheka.

Aliyetutoa ni Febronia. Alipita mlango wa nyuma, kajifunga kitenge kichwa kizima, na sufuria ya kinyesi cha ng'ombe kikavu kinachofuka. Alituzungushia moshi polepole, kama alivyofundishwa na dada yake, na Agnes nilimfundisha mimi. Nyuki wakaanza kulegea, wakahamia kwenye chupa zilizovunjika. Tukaondoka hatua kwa hatua mpaka ndani. Wakwe wakatupisha kama maaskofu.

Mahari ilimalizika humo ukumbini, watu wamebanana, hakuna nafasi hata ya kukunja mkono kwa kiburi. Robo saa. Sijawahi kuona mahari ikaisha haraka hivyo.

Pombe ikaja, ndoo ya Febronia. Watu wakamtazama yeye amimine. Peniel mwenyewe akasema, Mama Mdogo, karibu. Febronia akachukua kata, akafuta mpini kwa kitenge, akanipa mimi. Aliangalia pembeni, akawa kama anatafuta watoto wa nani wanaopiga kelele.

Nikachota. Mkono ulikuwa umevimba, lakini sikumwaga. Nikaonja. Nikampa Mazengo. Akameza, akatulia, akameza tena mpaka chini. Akasema ana miaka sabini na mbili na hajawahi kunywa pombe ya asali yenye nguvu namna hii na utamu umefichwa ndani hivi. Akauliza siri yake. Febronia akasema hata yeye anashangaa, wiki iliyopita ilikuwa ya kawaida tu, ghafla ikaamka yenyewe, ikachemka siku saba, juzi ikalala, ikatoka hivi. Labda ni baraka.

Nilinyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya nyuki.

Dina kanikumbatia mlangoni wakati wanaondoka, huku ananichomoa mwiba wa nyuki sikioni. "Umenitoa, Babu," akasema.

Jumatatu, 25 Novemba

Uvimbe umepungua. Akili imerudi. Nimeyapima mambo yote upya, na matokeo ni haya.

Kwanza, nilimimina mimi. Mabinti wanne kati ya wanne. Pili, pombe iliyosifiwa na Mzee Mazengo ilisifiwa kwa asali, na asali ile ilitoka mfukoni mwangu. Kwa hiyo iliyoshinda ni yangu, ila ilikaa kwenye ndoo ya mtu mwingine. Tatu, lile neno nililolisema uani lilisemwa na mtu mwenye nyuki mdomoni, na neno la namna hiyo hata mahakama haiwezi kulipokea.

Harusi ni tarehe 28 Desemba, Manyoni. Leo Mazengo kapiga simu kwa Peniel. Kasema wanatukaribisha wote, na anaomba pombe ya mzee iwekwe mbali na watu. Peniel alicheka. Mimi nimeelewa vizuri. Kitu cha thamani hakiwekwi njiani kila mtu akaguse.

Asubuhi hii nimeanza mtungi mwingine, mkubwa zaidi. Kupima kwa nyuki nimeacha, nyuki hawana msimamo, leo wako hapa, kesho wanafuata maua. Kiberiti ni cha Febronia, siwezi. Nimegundua kipimo changu. Mbuzi. Mbuzi hanywi kitu ambacho hakijaiva, kila mtu anajua. Siku mbuzi dume atakapokunywa mtungini bila kulazimishwa, nafunga chupa. Magunzi nimeshayachonga sitini, na safari hii nayafunga kwa waya.

Mbuzi kaonja saa tano. Amependa sana. Inaonekana hii itaiva mapema.

Atakayebisha niliyoyaandika, mashahidi wapo. Mzee Mazengo wa Manyoni aliona yote, isipokuwa dakika ambazo jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Mchungaji yupo, ingawa alikuwa chini ya kitanda changu na mashuka usoni. Paschal hakuwepo, lakini nimemweleza mara tatu, upande wa sikio zima, na sasa anaeleza kama mimi. Febronia msimuulize. Anajua yaliyotokea, lakini hajui maana yake.